Furushi Nyuma ya Kioo

Jumamosi, 12 Machi 1955

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta dukani watu watatu, mimi, Baba na Gharib, na sote tumenuna.

Gharib ni mtoto wa ami yangu. Kaja na gazeti la picha, akalifungua juu ya kanga zetu bila hata kufuta mikono. Picha yenyewe ni ya duka la nchi za watu, kioo kutoka chini mpaka juu, na nyuma ya kioo redio zimepangwa safu kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Ami," akamwambia Baba, "hapa Mlandege, wa Mjini anapita na wa Ng'ambo anapita. Kanga mwisho wake ushafika. Nipe duka hili, ntalijaza redio, feni na baiskeli, na wewe ukae kitako ule."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Baba yangu huyu, Machano, aliyeanza biashara akiwa hana hata mlango, anabeba kanga begani nyumba kwa nyumba! Nilihisi damu inanipanda.

"Na mie jee?" nikasema. "Miaka minne hii tangu nipewe talaka yangu, dukani hapa anafungua nani? Goti likikuuma anasimama nani?"

"Kidawa, mwanangu, biashara imelala," akasema Baba. Na hilo ni kweli, sibishani nalo. Mabibi wa Mjini hawaji dukani, duka ndilo huwaendea. Bi Mwanakheir huchukua furushi letu la kanga, akalipeleka kwenye nyumba, mama wa nyumba akalifungua, akachagua, kilichobaki kikenda nyumba nyengine. Lakini Bi Mwanakheir sasa mzee, nyumba zimepungua, na wasichana wa siku hizi hawana subira ya kungoja furushi.

Tumebishana mpaka mvua ikakatika. Mwisho Baba kasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka asije mtu akayageuza: "Mpaka sikukuu. Kanga zote za sikukuu zikiondoka kabla ya mzinga wa mwezi mwandamo kulia, duka lako. Ikibaki ndani hata doti moja, ufunguo nampa Gharib."

"Hata doti moja, ami," akasema Gharib. "Umesema mwenyewe."

Sitampa. Akitaka kuuza baiskeli akauze Amani huko, uwanja upo.

Jumapili, 13 Machi

Mvua.

Jumatano, 16 Machi

Nimeamua. Gazeti la Gharib alilisahau dukani, nami nimelitazama mpaka nimelikariri. Adui yangu kanipa silaha mwenyewe. Kama kioo kinauza redio, kitashindwaje kuuza kanga, kitu kizuri kuliko redio mara mia? Nitatia kioo, taa ya umeme, na bei moja iliyoandikwa kwenye karatasi, mtu asipoteze asubuhi nzima kubishania thumni. Nitaweka pazia, mwanamke aingie mwenyewe, ajichagulie, atoke.

Bi Mwanakheir kaja kuchukua furushi kama kawaida yake. Nikamwambia ukweli, kuwa mafurushi basi, kuanzia sasa wateja watakuja wenyewe. Nilidhani nasema kwa adabu. Akanitazama kutoka kwenye ushungi wa buibui lake mpaka nikajiona nimevuliwa nguo.

"Nani kakwambia watakuja?"

"Watakuja kuona, bibi. Kila kitu kitaonekana."

"Haya. Kioo chako kikuzalie," akasema, na akaenda zake mvuani. Kusema kweli nilipumua. Kila nikimwona bibi yule namwona yeye ndiye sababu ya duka kulala.

Jumanne, 29 Machi

Kioo kimeingia! Fundi Pandu na wenzake wamekibeba kutoka bandarini kama jeneza, watu wakipisha njia. Pembe ya chini inapenya maji kidogo. Pandu kasema itajikausha yenyewe.

Doti ya kwanza niliyoitundika ni nyekundu yenye mikorosho mieupe, ile niipendayo mwenyewe. Chini yake nimeandika bei kwa mwandiko wangu wa skuli.

Baba hakuingia. Kakaa kwenye baraza ya ng'ambo ya njia, kaligeuzia duka mgongo.

Alhamisi, 31 Machi

Watu wamejaa mbele ya kioo mpaka wamefunga njia. Wanawake wamekuja kutoka Kikwajuni, kutoka Malindi, wameegemeza paji la uso kwenye kioo, wameacha alama. Nimekifuta mara ngapi sijui. Moyo wangu umejaa.

Jumanne, 5 Aprili

Wamekuja tena. Wametazama. Wamekwenda zao.

Jumatano, 6 Aprili

Vivyo hivyo. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 9 Aprili

Leo nimempata mmoja, msichana wa Gulioni, nimemshika mkono kabisa. Alisimama mbele ya ile nyekundu kitambo kirefu, macho yanamng'aa.

"Ingia basi," nikamwambia. "Waitaka, wajionea bei, hapana wa kukudhulumu."

"Nzuri, dada. Lakini hiyo ishaonekana."

"Imeonekana na nani? Hajainunua mtu!"

"Imeonekana na mji mzima. Nkiivaa sikukuu, kila nnakopita watu watasema, aa, ile ya kiooni. Nipe nyengine ambayo hujaitundika."

Nimekwenda ndani nikakaa juu ya gunia. Doti haijavaliwa na mtu, haijakatwa, haijapindwa, na tayari ni kuukuu!

Nikasema basi, kama tatizo ni ile moja, nitabadilisha kila siku.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimebadilisha kila siku. Kila siku watu wamekuja kuona mpya, na kila siku nimeizeesha nyengine. Leo nimegundua kuwa aina zote za sikukuu zimeshapita kiooni. Mjinga mkubwa mimi. Nimezimaliza kwa mikono yangu, na rafu zimejaa vilevile.

Ile nyekundu nimeirejesha, imening'inia peke yake. Gharib kapita na futi ya kupimia, akapima ukuta wa mashariki.

"Wapima nini?"

"Baiskeli zinatundikwa juu, binti ami. Nafasi haipotei."

Jumapili, 24 Aprili

Ramadhani mosi. Alhamdulillahi. Mvua tangu daku.

Baada ya futari nilimuuliza Baba jambo lililokuwa likinikereketa. Mtu anayependa mambo ya kale kama yeye, vipi anakubali duka liwe la redio? Akaniacha nimalize, akanywa uji wake.

"Nikiona baiskeli mule ndani," akasema, "nitasema hili si duka langu, langu lilikuwapo likaondoka, Mungu alirehemu. Lakini nikiziona kanga zangu zimetundikwa pale kama samaki wa mnadani, hilo ni duka langu na wanalitukana. Bora life."

Nilikuwa na jawabu la ukali nikalimeza, kwa sababu ya mwezi na kwa sababu ya uso wake.

Ijumaa, 29 Aprili

Doti mbili tu wiki nzima. Sikati tamaa. Nitafanya alivyokuwa akifanya bibi yule. Furushi ni kitu gani, si nguo na kitambaa cha kufungia? Miguu ninayo.

Jumanne, 3 Mei



Nilifunga furushi asubuhi, kitambaa cheupe, juu yake uzi wa ukindu, jani la mkindu lililochanwa, kama desturi. Mvua ilikuwa imeshika kweli, vichochoro vinakwenda maji, nimevua makubadhi nimeyatia kwapani. Nyumba ya kwanza ilikuwa Kiponda. Mabibi harusi wawili na mama mkwe wao wamelivamia furushi kwa vicheko, wamezitandaza kanga mpaka juu ya makochi, wakachukua doti tatu. Nikajiona mfanyabiashara. Nikazikusanya zilizobaki harakaharaka, nikafunga kwa ukindu uleule, nikashika njia ya Hurumzi kwa Bi Sichana.

Bi Sichana ni mteja wetu tangu mimi sijazaliwa. Sijui miaka mingapi hajatoka nyumbani mchana. Nilimkuta juu, kakaa kwenye msala wake, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba. Wewe mtoto wa Machano? Ulikuwa na vijiguu hivi. Kaa, mwanangu, umerowa."

Nikaweka furushi mbele yake, nikasema kama nilivyokuwa nikimsikia Bi Mwanakheir akisema nilipokuwa nikimfuata utotoni: "Fungua, Bi Sichana, wewe ndo wa mwanzo."

Hakuligusa. Akainama, akaugeuza uzi wa ukindu kwa ncha ya kidole.

"Umetoka wapi?"

"Dukani."

"Usinifungulishe saumu kwa uongo. Ukindu huu ushavunjika mgongo. Ushafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena."

Hapo hasira zangu zikanitoka, zile za tangu Machi. Nikamwambia, haya, nimepita Kiponda kwanza. Na Bi Mwanakheir naye alikuwa akipita Kiponda kwanza, miaka yote, na akitoka hapa anakwenda Mkunazini na kule nako anawaambia wao ndio wa mwanzo. Nikasema yote. Nilitaka aone alivyochezewa.

Bi Sichana akacheka. Alicheka mpaka akaweka tasbihi chini.

"Yarabi! Wadhani hatujui? Mji huu mdogo kama kiganja, mkwe wa Kiponda ni mtoto wa dada yangu, atakosa kunambia kilichofunguliwa kwake? Twajua sote. Lakini Mwanakheir akifika pale chini kwenye ngazi, anakaa kitako. Anazitoa moja moja, anazikunja upya, anatia asumini kati, anafunga ukindu mbichi. Mie huku juu namsikia anavyohema na goti lake. Halafu anapanda, anambia wewe ndo wa mwanzo, na mie nafungua kama sijui. Mtu mzima kanikalia kitako kwa ajili yangu, nitamwambia muongo?"

Akalisukuma furushi kwangu kwa mkono wa pole.

"Wewe hukunikalia, mwanangu. Umenipitia tu. Na kile kioo chako vilevile, nasikia kizuri sana, lakini kinawapitia tu."

Nimerudi mvuani bila hata kujifunika. Nimelia njia nzima na sioni haya kuandika. Sikulia kwa kuwa kanirudishia furushi. Nimelia kwa sababu kasema kweli, na kaisema kwa upole.

Jumatano, 4 Mei

Sijafungua duka mpaka adhuhuri. Nilikuwa nawaza.

Alhamisi, 5 Mei

Nimekwenda Mwembetanga kwa Bi Mwanakheir. Nilimkuta barazani anasuka ukili, na hakunyanyua macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kioo hakijambo?"

"Hakijambo. Mimi ndo sijambo ya kusema tu. Nimekuja kukuomba radhi, bibi. Nilikufukuza kama kuku."

Akavuta ukili, akaukaza. Halafu akacheka kidogo puani.

"Wajua siku ile nilikuja kufanya nini? Kukuaga. Goti lishakataa ngazi za Hurumzi. Nilikwishajipanga maneno njia nzima, ya kukuaga vizuri, mlie kidogo wewe na baba yako. Wewe ukanitangulia. Nikasema, ala! Nimeachishwa kazi niliyokuwa naiacha mwenyewe!"

Sikujua nicheke au nijifiche. Nimemwona miezi yote hii kama mtu aliyeng'ang'ania furushi lake, kumbe alikuwa anataka kulitua, ila anataka alitue kwa heshima.

Nikamweleza ninachofikiri. Kioo kibaki, nyuma yake nisitundike kanga. Niweke mafurushi, yamefungwa. Mwanamke aingie nyuma ya pazia, akae mkekani, apewe furushi alifungue mwenyewe, akiondoka lifungwe upya kwa anayefuata, kwa ukindu mbichi, kila mara, hata wakiwa mia.

"Na atakayewakalia kitako ni nani?"

"Wewe, bibi, ukinikubalia. Nyumba zije kwako, usipande ngazi tena."

Akaweka ukili chini. "Nataka asumini kila siku. Na ile taa yako ya umeme, iweke juu ya kichwa changu. Macho yangu yameipenda tangu siku ile nilipopita nikajifanya siitazami. Na vile vikaratasi vya bei uvichane."

"Vikaratasi sichani."

"Mtu asipobishana bei atajuaje kama mwamjali?"

"Atajua kwa furushi. Bei ni moja, ya Bi Sichana na ya msichana wa Gulioni. Hapo sirudi nyuma, bibi."

Tumevutana mpaka alasiri. Vikaratasi vimebaki.

Jumapili, 8 Mei

Tumeanza. Nyuma ya kioo mafurushi kumi na mawili meupe, ukindu mwekundu na wa kijani, basi. Ile nyekundu nimeiteremsha.

Gharib kasimama mbele akiwa ameshika kiuno. "Watu wanatia kioo wapate kuonyesha, wewe umetia upate kuficha?"

"Ndiyo."

"Lahaula," akasema, akaenda zake.

Lakini baada ya tarawehe wamekuja wanawake wanne. Wa kwanza kauliza mlangoni, "Mna nini mule?" Bi Mwanakheir akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Ingia ufungue, wewe ndo wa mwanzo." Mwanamke akacheka, akaingia.

Zilikuwa ni kanga zilezile.

Jumanne, 10 Mei

Vidole vyangu vimechanika kwa ukindu. Doti saba.

Alhamisi, 12 Mei

Yule msichana wa Gulioni kaja. Kafungua furushi, kaiona ile ya zambarau iliyokaa kiooni siku nzima mwezi wa Aprili, akaitazama, akanitazama. Nikamtazama na mimi. Akaichukua. Akanishukuru hata!

Na kumbe bei moja wameipenda. Wawili walikuwa wakinong'onezana mkekani kuwa sasa hapana haja ya kulala na wasiwasi jirani kapunguziwa kiasi gani. Bi Mwanakheir kasikia, kajifanya anakohoa.

Jumamosi, 14 Mei

Gharib kaleta redio, kubwa, ya mbao inayong'aa, kaiweka juu ya rafu. "Ijizoeze mahala pake," akasema. Nilitaka kumtupia nje, kisha nikafikiri. Alipoondoka nikaifungua. Usiku taarabu ilipolia nyuma ya pazia, wanawake waliokuwa wamesimama ndani walikaa, na waliokuwa nje wakaingia.

Baba bado yuko barazani ng'ambo ya njia, lakini nimeona leo kakaa upande.

Jumatano, 18 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Maji yameingia kwa ile pembe ya Pandu. Nimeziba kwa matambara. Wateja wamekuja vilevile, mabuibui yanachuruzika.

Jumamosi, 21 Mei

Rafu mbili tupu. Nimezipapasa kwa mkono kuhakikisha. Bi Mwanakheir analala dukani kitako, anaamka, anafunga, analala tena. Nilimletea mto, kanifokea kuwa yeye si mgonjwa.

Zimebaki nyingi bado. Kesho Ramadhani ishirini na tisa, mwezi ukiandama basi nimekwisha.

Jumapili, 22 Mei

Tangu asubuhi nimeomba dua ambayo Muislamu hapaswi kuiomba, kwamba mawingu yasifunguke. Kila nikitazama juu naona haya.

Magharibi Gharib alikuwa mlangoni, kufuli jipya mkononi. Katika rafu ya mwisho yalikuwa mafurushi manane. Tukafuturu kwa tende, tumesimama. Tukangoja mzinga. Haukulia. Mtaa mzima watu wako juu ya mapaa na mawingu yako juu yao. Mwishowe ikasema redio, redio yake mwenyewe Gharib, kuwa mwezi haukuonekana, kesho ni kukamilisha thalathini.

Gharib akaenda akaizima kama iliyomtukana.

Na haikupita muda, pazia likafunuliwa wakaingia wanawake watano, na aliyekuwa mbele anashikwa mkono akipanda kizingiti. Alipofunua uso nikainuka nusu nianguke.

"Bi Sichana! Umetoka!"

"Usiku huu kila mtu yuko nje kutafuta mwezi, nani ataniona mie? Nimekuja kutafuta Mwanakheir aliponikimbilia." Akakaa mkekani polepole. Wale wazee wawili wakashikana mikono.

Nililifunga furushi lake mwenyewe. Nilikaa kitako, nikazikunja moja moja, nikatia asumini, nikauvuta ukindu mbichi kwa meno. Nikaliweka mbele yake, na yale maneno ya wa mwanzo sikuyasema.

Akaugeuza uzi kwa kidole, kama siku ile. "Haya," akasema. "Huyu kashafundishwa." Akafungua.

Wamechukua mafurushi matatu, yeye na wakwe zake.

Jumatatu, 23 Mei

Siku ya mwisho. Leo mwezi uonekane usionekane, mzinga wa magharibi ukilia ni sikukuu.

Watu wamekuja tangu asubuhi, saumu na mvua wamevivumilia. Sina cha kueleza, nilikuwa nafunga na kufungua tu. Alasiri furushi la mwisho likatoka mlangoni chini ya buibui la mwanamke wa Kisiwandui. Rafu zote tupu. Nikamtazama Bi Mwanakheir, naye akaanza kufagia vipande vya ukindu, anajifanya hatabasamu.

Gharib alikuwa ndani anafungasha redio yake. Nilimwonea huruma. Akainama kuvuta waya uliopita chini ya kioo, akayaondoa matambara niliyozibia maji, akasimama nayo mkononi.

Moja halikuwa tambara. Ilikuwa doti, ile nyekundu ya mikorosho, ya kwanza kabisa. Siku ya mvua ile kubwa, gizani, niliichota pamoja na matambara nikaisokomeza pembeni kwa mikono yangu mwenyewe. Rangi imechuja, mikorosho mieupe imekuwa ya waridi upande mmoja, na pindo lina tope.

"Ami!" Gharib akaita nje. "Njoo uone!"

Baba akavuka njia. Ndiyo mara ya kwanza kuingia tangu kioo kitiwe. Akatazama rafu, akatazama mkeka na taa na vikaratasi vyangu, halafu akatazama kilichokuwa mkononi mwa Gharib.

"Hata doti moja," akasema Gharib. Hakusema kwa ubaya. Neno lilikuwa neno.

Nilitaka kusema ni tambara, si bidhaa. Nikaona nitakuwa nadanganya. Ilikuwa doti, haijauzwa, imo ndani ya duka, na nje watu wameshaanza kushuka na kawa zao za futari. Nikamwambia Baba, "Ni kweli, imebaki."

"Imebakije?" akasema Bi Mwanakheir. Kaegemea fagio. "Hiyo yangu. Nilikuwa naitafuta. Bei gani?"

 Akaja mpaka kwenye kikaratasi, akakisogeza kwenye taa, akakisoma kwa shida, herufi moja moja. Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa pesa kamili, akaziweka mbele yangu.

"Imechuja, bibi," nikasema. "Siwezi kukuuzia hii kwa bei ile."

"Bei moja," akasema. "Si ndivyo ulivyotaka? Umenitoa roho mchana kutwa kwa bei moja yako, leo waniletea mengine."

"Lakini huyu ni mtu wa dukani!" akasema Gharib.

Baba akazitazama zile pesa.  "Kaja na pesa yake mkononi, kauliza bei, kalipa," akasema. "Mimi sijui mteja mwengine wa namna gani."

Mzinga ukalia, vioo vyote vya Mlandege vikatetemeka, na changu pia. Baba akatia mkono mfukoni, akaniwekea ufunguo juu ya zile pesa, akatafuta pa kukaa. Akakaa mkekani, chini ya taa, akaomba tende.

Gharib alinyanyua redio yake. "Iache mpaka sikukuu ipite," nikamwambia. "Wateja washaizoea. Halafu niambie waiuza kiasi gani." Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akaiweka chini.

Jumanne, 24 Mei. Sikukuu mosi

Mvua imekatika alfajiri, kumepambazuka kweupe. Baba kaenda kuswali na kanzu mpya.

Nilikuwa jikoni nikasikia hodi. Bi Mwanakheir, kajipamba, kajifukiza udi, chini ya buibui kabeba furushi dogo la kitambaa cheupe. Asumini inanukia mpaka mlangoni. Ukindu ni mbichi, bado una umaji.

"Shikamoo, bibi. Sikukuu njema. Karibu ndani."

"Marahaba. Siingii, nna nyumba za kupita." Akaliweka mikononi mwangu. Nilijua kilichomo kabla sijalishika. Kanga ile niliitoa kwenye robota mimi, nikaitundika mimi, nikaiteremsha, nikaisokomeza majini mimi. Mji mzima ushaiona. Kaifua, tope lote limetoka, kaikunja kwa mikunjo midogo mpaka sijui kakaa kitako muda gani na goti lake lile.

"Fungua, Kidawa," akasema. "Wewe ndo wa mwanzo."

Nikakaa kitako pale pale kizingitini, nikaufungua ukindu taratibu usivunjike, nikasema, "Ala, bibi! Nzuri hii! Umeitoa wapi?"